Kura Tatu, Mlolongo na Fomu ya Mlangoni

Januari 1961, katika jimbo la Chake Chake kisiwani Pemba, mgombea wa Afro-Shirazi Party alimshinda mwenzake kwa kura moja. Moja tu. Unguja na Pemba zilikuwa zimegawanywa majimbo 22, na majimbo yote yalipokwisha kuhesabiwa ASP ilikuwa na viti 10, chama cha Hizbu (ZNP) viti 9, na chama cha ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP nao hawakukaa pamoja: wawili walikwenda Hizbu, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika. Wafuasi wawili wa ASP wangeamka na homa asubuhi ile Chake Chake, kiti kingekwenda upande wa pili na sare isingekuwapo.

Katika foleni za siku ile walikuwamo watu ambao miaka mitatu na nusu nyuma wasingeruhusiwa hata kusogelea meza ya karani. Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar, Julai 1957, ulikuwa wa wanaume tu, tena waliotimiza miaka 25 na wenye sifa zilizowekwa na serikali ya kikoloni. Siku hiyo Abeid Karume wa Afro-Shirazi alimwangusha Ali Muhsin wa Hizbu katika Ng'ambo, na wanawake waliokuwa wakipika, kuimba na kuhamasisha kwenye mikutano ya vyama vyote viwili walibaki wakisubiri matokeo nyumbani. Walidai, na sheria ikabadilishwa. Januari 1961 walipiga kura kwa mara ya kwanza, na kwa pengo la kura moja, kila mwanamke aliyepiga kura Chake Chake upande wa ASP angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba kiti kile kilitoka mkononi mwake.

Kilichofuata ni kichungu. Jimbo la 23 likaongezwa ili sare isijirudie, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na siku ya kura fujo zilizozuka ziliua watu 68. Julai 1963, sasa kila mtu mzima akiwa na kura, ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote za visiwani, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP. Hapakuwa na haja ya kuiba sanduku hata moja. Namna majimbo yalivyokatwa, na namna kura za ASP zilivyorundikana katika maeneo machache, ilitosha. Uhuru ulikuja Desemba 10, na siku 33 baadaye, Januari 12, 1964, serikali hiyo ilipinduliwa. Mapinduzi yalikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za rangi na za kale ya utumwa, ila asiyezitazama hesabu zile za Julai 1963 hawezi kuyaelewa sawasawa.

Historia ya kura katika Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kama mlango uliofunguka kidogo kidogo: wenye mali na wasomi kwanza, kisha watu wazima wote, kisha vijana wa miaka 18. Ni kweli, lakini ni nusu ya kisa. Hoja ya mhadhara huu iko katika nusu ya pili, ndani ya mlango: nani anaiona kura ya mtu, na nani anaiona hesabu. Siri ni haki ya anayepiga kura. Uwazi ni deni la anayehesabu. Kwa muda wa miaka karibu 70 mambo haya mawili yamekuwa yakigeuzwa, kura ikaanikwa na hesabu ikafichwa, na kila yalipogeuzwa watu wameumia.

Karatasi ya kura ya Tanganyika ya mwaka 1958 inaonyesha jinsi hata kura ya siri inavyoweza kufungwa pingu kabla mtu hajaishika. Gavana Edward Twining na wasaidizi wake walitaka nchi ambamo Waafrika, Waasia na Wazungu wangekaa katika Baraza la Kutunga Sheria kwa viti sawa, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na nusu, na Waasia na Wazungu wakijumlishwa hawakufika laki moja na nusu. Kwa hiyo kila jimbo lilitoa wajumbe watatu, mmoja wa kila rangi, na kila mpiga kura alilazimishwa kutia alama tatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Aliyemchagua Mwafrika peke yake na kuziacha nafasi nyingine wazi alikuwa ameiharibu karatasi yote. Watu waliuita utaratibu huo kura tatu, na jina hilo limedumu.

Hata kuifikia karatasi hiyo ilikuwa kazi. Mpiga kura alipaswa kuwa na miaka 21, na pamoja na hayo awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotambuliwa na serikali. Paundi 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kila mwezi. Manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga hakuwa na njia ya kufika hapo, hata angekata mkonge usiku na mchana. Wala hawakufika wengi wa akina mama wa Dar es Salaam ambao Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwapitia nyumba kwa nyumba mwaka 1955 akiwauzia kadi za TANU. Wanawake hao walikijenga chama kwa senti zao, na sheria ikawaambia hawana sifa za kukipigia kura. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, walioandikishwa kwa uchaguzi huo hawakufika laki moja.

Ndiyo maana mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 ulikuwa mkali kiasi kile. Wengi wa wajumbe walikwenda wakiwa wameshaamua kususia. Kuingia katika kura tatu, kwao, kulikuwa sawa na kutia sahihi kwamba Mzungu mmoja ana uzito wa mamia ya Waafrika. Nyerere, aliyekuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza mwezi uliotangulia, aliusoma mchezo tofauti: TANU ikikaa nje, viti vyote vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa kwa baraka za serikali, na uhuru utarudi nyuma. Alizungumza kwa muda mrefu, akawageuza. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaunda chama chake, African National Congress. Uamuzi huo wa kushiriki ndio unaokumbukwa hadi leo kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Busara yenyewe ilikuwa ya hesabu. Ikiwa sheria inamlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwasia na Mzungu, basi TANU itatafuta Waasia na Wazungu wanaokubaliana nayo. Septemba 1958 na Februari 1959, kwa awamu mbili, karatasi zilizobuniwa kuigawa nchi kwa rangi ziliwaingiza barazani watu kama Sophia Mustafa, Amir Jamal na Derek Bryceson, waliosimama bega kwa bega na Nyerere. UTP ikasambaratika. Silaha ya Gavana ilikuwa imegeuziwa mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Agosti 1960 sifa zililegezwa: kipato kilishushwa hadi paundi 75, na aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza au Kiswahili aliandikishwa. Inafaa kulitua jambo hili kidogo. Lugha ambayo mtoto wa Kilwa aliisikia kwa bibi yake, na mtoto wa Bukoba akaisoma shuleni, ilikuwa sasa hati ya kupigia kura, bila kuulizwa cheti wala mshahara. Walioandikishwa walipanda kupita laki nane. Lakini TANU ilishinda viti 58 kati ya 71 bila kupingwa, na kwa hiyo waliopata nafasi ya kupiga kura kweli walikuwa zaidi kidogo ya laki moja na elfu ishirini. Maneno hayo mawili, bila kupingwa, yangesikika tena na tena katika siasa za nchi hii. Mwaka 1962 kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura ya rais wa kwanza wa Jamhuri. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98, na mpinzani wake alikuwa Mtemvu yuleyule wa Tabora.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilikuwa imeanza kwa aina nyingine ya upambanuzi. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wanane wa kwanza, wakiwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Kwa mpango wa Walter Coutts, watu hawakuwa sawa mbele ya sanduku: elimu iliongeza kura, mali iliongeza kura, utumishi wa muda mrefu au jeshini uliongeza kura, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu huku jirani yake akiwa na moja au hana kabisa. Na kwa kuwa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau ilikuwa bado haijaondolewa, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walitakiwa pia waje na cheti cha kuthibitisha kwamba ni watiifu kwa serikali. Watu waliokuwa na madai makubwa kuliko wote juu ya ardhi ndio waliowekewa kizuizi cha ziada mlangoni.

Hadi Mei 1963, Kenya nayo ilikuwa imefika kwenye mtu mmoja, kura moja. Mwaka 1974 umri ukashushwa kutoka miaka 21 hadi 18. Kwa karatasi, mlango ulikuwa wazi.

Tanzania ya chama kimoja ilijaribu jambo ambalo wageni wengi hawakulielewa wakati ule, na ambalo hata wananchi wa leo wamelisahau. Septemba 1965 chama kilikuwa kimoja, ila katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU. Walizunguka pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakahutubia kwa Kiswahili tu, na hawakuruhusiwa kugusa kabila, rangi wala dini. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Hapo ndipo ubunifu wa jukwaani ulipoanza. Mwenye jembe alisema hakuna atakayekula bila jembe, wala nyumba haisimami bila kuchimbiwa msingi. Mwenye nyumba alijibu kwamba jembe likimaliza kazi hurudi kulala nyumbani. Wanasiasa waliamini kwamba jembe lina bahati zaidi kwa wakulima, na waliopewa nyumba walinung'unika.

Wakulima nao hawakuhitaji vyama viwili ili kumwadhibu mtu. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga jina kwa vyama vya ushirika vya pamba vya Kanda ya Ziwa, aliangushwa huko huko Mwanza. Mawaziri na wabunge wengine walikwenda naye. Uchaguzi ule haukuwa huru kwa kipimo chochote kinachohesabu vyama, maana kwa urais palikuwa na jina moja tu la kulipigia Ndiyo au Hapana, na majina ya wagombea ubunge yalichujwa na kamati za chama. Hata hivyo, ndani ya kituturi, kile kijichumba cha kutia alama, mpiga kura alikuwa peke yake na karatasi yake. Siri ilikuwapo, na ilitosha kumwondoa waziri.

Kenya ya miaka ya themanini iliichukua hata siri hiyo.

Mwaka 1986 KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kwa sheria tangu 1982, iliamua kwamba wagombea wake watateuliwa kwa kupanga foleni. Watu waliuita mlolongo. Februari 22, 1988, nchi nzima, wananchi walikwenda kwenye viwanja vya shule na vya mikutano. Wakala wa mgombea alisimama mbele akiwa ameinua picha yake, na wafuasi wakajipanga nyuma yake. Msimamizi alipita akihesabu vichwa, akatangaza. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alikuwa amekwisha kuwa mbunge, bila kupita kwenye sanduku lolote. Aliyekosa kiwango hicho ndiye aliyekwenda kwenye kura ya siri ya mwezi uliofuata.

Mtu aliyesimama kwenye mstari ule alionekana na kila mtu: chifu, mwajiri wake, jirani anayemdai, mwalimu wa mtoto wake. Viongozi wa makanisa, miongoni mwao Askofu Alexander Muge, Askofu Henry Okullu na Mchungaji Timothy Njoya, walikuwa wamepinga mapema, kwa sababu padri akisimama nyuma ya picha moja amewafukuza kanisani waumini waliosimama nyuma ya nyingine. Hilo lilikuwa jeraha la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi na halionekani kwa haraka. Karatasi huwa na kumbukumbu. Inaweza kutolewa sandukuni, ikatandazwa mezani, ikahesabiwa mara ya pili mbele ya hakimu. Mstari wa watu hauna kumbukumbu. Watu wakitawanyika kwenda kuwahi mifugo yao na watoto wao, kilichobaki ni neno la msimamizi. Maeneo mengi yalilalamika kwamba mstari mfupi umetangazwa kuwa mrefu, na hapakuwa na kitu chochote mkononi cha kuonyesha. Kura ilikuwa hadharani, hesabu ilikuwa siri. Hakuna mfano ulio bayana kuliko huo wa kugeuza mambo juu chini, na ulifanyika mchana kweupe.

Lakini mlolongo pia ndio uliowachokoza watu wasiokuwa wanasiasa kabisa. Mzee aliyekuwa hajali habari za vyama alijua kuhesabu watu mstarini. Manung'uniko ya 1988 yaliingia katika madai ya vyama vingi. Desemba 1990, katika mkutano wa Kasarani, KANU yenyewe iliuondoa mlolongo pamoja na kanuni ya asilimia 70, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kikafutwa.

Tanzania ilifika huko kwa njia ya tume. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walizunguka nchi mwaka 1991 wakiwasikiliza watu, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema wanautaka mfumo wa chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa kuona kwamba asilimia 20 ya wananchi si watu wa kupuuzwa. Ni mojawapo ya maamuzi ya heshima kubwa katika historia ya kura nchini humo: haki ya wachache ya kuchagua ililindwa na watu ambao wangeweza kwa urahisi kujificha nyuma ya wengi. Uchaguzi wa kwanza, Oktoba 1995, ulionyesha jinsi mambo madogo yanavyoweza kuwa makubwa. Jijini Dar es Salaam vifaa vilichelewa kufika vituoni hata ikabidi kura za majimbo yote saba zifutwe na kurudiwa Novemba 19. Watu waliokuwa wamepanga foleni tangu alfajiri walirudi makwao bila kutia alama yoyote. Daftari la kudumu la wapiga kura lilikuja baadaye, likatumika mara ya kwanza 2005. Kabla ya hapo kila uchaguzi ulianza kuandikisha upya.

Lugha nayo ilisogea pamoja na mashaka ya watu. Neno kuchakachua, lililokuwa la wauza mafuta wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, lilihamia kwenye kura mwaka 2010, na halijarudi kituo cha mafuta peke yake tangu hapo. Neno halishiki hivyo kama hakuna kinachosubiri kuitwa.

Gharama kubwa kuliko zote za hesabu iliyofichwa ililipwa na Kenya. Desemba 30, 2007, baada ya siku tatu za kusubiri, mwenyekiti wa tume Samuel Kivuitu alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na jioni ileile Kibaki akaapishwa Ikulu. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, iligundua kwamba daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya watu takriban milioni 1.2 waliokwisha kufa, na kwamba ujumlishaji wa kura ulivurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani hasa alishinda. Nchi ilichinjana juu ya hesabu ambayo hata wataalamu, wakiwa na muda na makaratasi yote, hawakuweza kuitoa.

Katiba ya 2010 iliandikwa chini ya kivuli hicho. Yeyote anayepinga matokeo ya urais ana siku 7 za kufungua shauri Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Na kitu kidogo kikapewa uzito mkubwa: Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya urais inayojazwa katika kila kituo. Juni 2017, katika shauri lililofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa jimboni ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyabadili. Mwisho wa Julai Chris Msando, aliyesimamia mfumo wa kompyuta wa tume, alikutwa ameuawa, siku chache kabla ya kura ya Agosti 8. Septemba 1, Jaji Mkuu David Maraga alisoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi wa rais umefutwa. Tume ilikuwa imeagizwa kufungua seva zake zikaguliwe na haikutii ipasavyo. Majaji wengi walilichukua hilo kama jibu. Malawi ilifuata Februari 2020, mahakama yake ilipoufuta uchaguzi wa rais baada ya fomu za matokeo kukutwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia.

Agosti 2022 Kenya ilikwenda mbali zaidi. Tume iliweka mtandaoni picha ya Fomu 34A ya kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, vikiwamo vya Wakenya walio nje katika nchi 12, zikiwamo Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Yeyote mwenye simu aliweza kuifungua fomu ya shule aliyosomea, akaona mwandiko wa msimamizi, sahihi za mawakala na tarakimu zenyewe. Vyumba vya habari vilianza kujumlisha. Vijana wenye kompyuta walijumlisha. Kwa siku kadhaa watu waliokuwa hawajawahi kukutana walikuwa wakifanya hesabu ileile. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakataa matokeo siku ya kutangazwa, fomu zilikuwa tayari zimeshasambaa; shauri likaenda mahakamani, na Septemba 5 majaji wote wakauthibitisha ushindi wa William Ruto. Waliopinga hawakuridhika, na ni haki yao. Lakini nchi haikuungua kama ilivyoungua 2007. Jambo linalopaswa kuwanyima usingizi viongozi wa pande zote ni lingine: katika uchaguzi ule wa hesabu iliyo wazi kuliko zote, waliojitokeza walishuka hadi takriban asilimia 65, kutoka karibu 80 miaka mitano kabla. Kijana asiyemwona mtu wa kumchagua haongezewi hamu na fomu iliyopigwa picha vizuri.

Haki ya kupigiwa kura nayo ina kisa chake. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu Dodoma mwaka 1994 akidai kwamba Mtanzania aweze kugombea bila kupitia chama chochote. Bunge likabadilisha Katiba kuuziba mwanya huo. Alirudi mahakamani, akashinda tena, akashindwa katika rufaa, kisha akavuka kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, nchini mwake mwenyewe. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ilimpa haki. Alifariki kwa ajali ya gari mwanzoni mwa Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao bado haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja.

Katika jengo hilohilo la Arusha, Julai 15, 2020, majaji waliamua juu ya ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania, inayosema kwamba Tume ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa kuwa rais, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Waliona kwamba ibara hiyo inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wakaiagiza serikali ichukue hatua za kuirekebisha. Miezi mitatu baadaye, wapiga kura walipoingia vituturini Oktoba 2020, ibara ilikuwa pale pale. Usiku ule, kama ilivyo desturi, msimamizi wa kituo alibandika karatasi ya matokeo nje ya mlango wa darasa, na mtu aliyekuwa amesubiri hapo tangu jioni aliinua simu akaipiga picha. Nairobi, picha ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kuwa ushahidi mbele ya majaji. Upande huu wa mpaka, kwa kura ya urais, hapakuwa na mahakama ya kuipokea.